Kabla ya kwenda Tengeru Jumamosi

Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa mwezi Januari, barabara ya Arusha kwenda Moshi hujaa watu pale Tengeru tangu asubuhi. Kina mama wa Kimeru wanateremka kutoka Akheri, Nkoaranga na Poli na ndizi, maparachichi na maharage. Upande wa pili wa soko vijana wanamwaga nguo juu ya maturubai na kuanza kuimba bei: buku, buku, buku! Jero, jero, chagua mama! Daladala za kutoka mjini zinashusha watu wenye mifuko mitupu iliyokunjwa mkononi. Jioni zinawarudisha na mifuko iliyofura.

Mfano wa watu hao ni mama wa watoto watatu anayekaa Sakina. Mkubwa anaingia kidato cha kwanza, wa kati yuko darasa la nne, mdogo anaanza la kwanza. Ada katika shule za serikali ilifutwa hadi kidato cha nne kuanzia mwaka 2016, lakini sare, viatu, sweta na madaftari vimebaki mgongoni kwa mzazi, na Januari haimsubiri mtu. Mama huyu kapewa na mumewe 40,000, kaongeza 20,000 zake za maandazi, jumla 60,000. Anachotaka anakijua kichwani: viatu jozi tatu, mashati meupe ya watoto wote, na sweta la shule la binti mkubwa.

Jioni anarudi na vitu hivi. Mapazia mawili mazito, 15,000. Sweta jekundu la sufu, lake mwenyewe, 12,000. Viatu vyeusi vya mtoto wa kati, 10,000. Mkoba, 7,000. Mashati mawili meupe, 6,000. Fulana kumi za jero jero, 5,000. Nauli ya kwenda na kurudi, 3,000. Mkononi zimebaki 2,000. Hakuna kitu hata kimoja alichonunua kwa bei mbaya, na kila jirani aliyeyashika yale mapazia aliyasifia. Ila mtoto alipovaa viatu vilimbana vidole, na baba yao akauliza swali moja tu: "Mama watoto, viatu vya shule viko wapi?"

Katika 58,000 zilizotoka, zilizokwenda kwenye mahitaji ya shule ni 16,000. Kati ya hizo, 10,000 ni za viatu visivyovalika. Kwa hesabu ya Januari, mama huyu alikwenda Tengeru akarudi na mashati mawili.

Ni rahisi kusema mama hana mpango, na ndivyo inavyosemwa katika nyumba nyingi. Si haki sana. Mnada wa nguo una namna yake ya kumtoa mtu pesa, na wanaume wanaouona ni udhaifu wa kina mama wangejiangalia wakiwa mbele ya turubai la viatu vya mpira au majaketi. Dukani mtu anaweza kuona kitu, akaenda nyumbani, akafikiri, akarudi kesho. Kwenye mtumba kila nguo ni moja tu. Akiiachia, mwenzake aliyesimama pembeni anaichukua. Hofu hiyo ndiyo inayouza kuliko kelele za muuzaji. Halafu bei ni ndogo ndogo, na pesa ndogo haiumi inapotoka: hakuna aliyewahi kulala macho kwa ajili ya jero, lakini jero kumi ni 5,000, na hiyo ni nusu ya kiatu.

Tena kuna safari yenyewe. Mtu akishalipa nauli na kupoteza nusu siku, anaona aibu kurudi mikono mitupu. Mama wa Sakina alikuwa na soko la Ngaramtoni barabara hiyo hiyo ya kwao, linalojaa siku za Alhamisi na Jumapili, wakati Tengeru ni Jumatano na Jumamosi. Alikwenda mbali kwa sababu Tengeru ndiyo yenye sifa. Sifa hiyo ni ya haki, soko ni kubwa na mzigo ni mwingi, lakini kwa mwenye vitu vinne vya kununua soko la jirani linatosha, na nauli iliyobaki ni madaftari.

Yafaa pia kujua mzigo unafikaje pale. Mitumba huja imefungwa kwenye marobota, na belo la kawaida lina kilo 45. Mengine hupitia bandarini Dar es Salaam, mengine huvuka Namanga kutoka Gikomba, Nairobi. Mfanyabiashara mdogo hununua belo likiwa limefungwa. Ameandikiwa juu kuwa ni mashati ya kiume au sweta za watoto na daraja lake, basi. Yaliyomo ndani atayajua akishalipa. Belo likiwa zuri anapona. Likiwa na nguo zilizochoka, hasara ni yake, na pengine pesa ni ya mkopo. Ndiyo maana bei ya asubuhi haiteremki kirahisi: muuzaji anataka kwanza kurudisha mtaji wake kwa vile vipande bora vya juu.

Na hivyo vipande bora haviwasubiri kina mama wa nyumbani. Alfajiri, belo linapokatwa kamba, wanaokuwa wamesimama pale ni wenye maduka ya mjini. Wanachagua, wanafua, wanapiga pasi, wanatundika, na nguo ile ile inauzwa mjini kwa bei mara kadhaa ya ile ya mnadani. Kinachobaki hutundikwa kwa bei ya kati, na mabaki humwagwa chini. Kadiri jua linavyokwenda ndivyo bei inavyolegea, na mvua ikitishia kutoka mlimani inalegea haraka zaidi, maana hakuna anayetaka kubeba mzigo uliolowa. Kwa hiyo mnunuzi lazima aamue anachokwenda kukitafuta. Kiatu cha shule na sweta la binti ni vya asubuhi, kwa sababu namba na rangi inayotakiwa ni chache. Shuka, fulana za kulalia na nguo za kuchezea mchangani zingoje saa tisa.

Bei ya sweta ina msimu wake pia. Jiji la Arusha liko juu, mita zipatazo 1,400, na kuanzia Mei hadi Agosti baridi ya asubuhi haina mchezo, hasa kwa watoto wa Ilboru, Sekei na vijiji vya juu zaidi. Juni kila mzazi anatafuta sweta siku moja. Januari na Februari, jua likiwa kali, sweta hizo hizo zimelala kwenye turubai na muuzaji anaomba zitoke. Anayeweza kutenga pesa kidogo wakati huo anunue la mwaka huu, la saizi kubwa kidogo.

Lakini kazi kubwa ya kuokoa pesa hufanyika nyumbani, usiku wa kuamkia soko. Orodha iandikwe kwenye karatasi, kwa sababu ya kichwani inabadilika mtu akiona mapazia. Pesa zigawanywe: za vitu vya orodha mfuko mmoja, nauli mfuko mwingine, na kama mtu anataka pesa ya kujifurahisha, basi aitenge mapema na ijulikane ni kiasi gani. Mama mwenye 5,000 ya kujifurahisha anaitumia bila kificho, na hailetwi kwenye mazungumzo ya usiku.

Kisha vipimo. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Saizi zilizoandikwa kwenye mitumba zinatoka nchi mbalimbali, na namba 8 ya gauni la Marekani ni 12 ya Uingereza na 40 ya Ulaya bara. Zaidi ya hapo, nguo iliyofuliwa mara hamsini haina tena kipimo chake cha kiwandani. Badala ya kuamini lebo, mzazi achukue futi kamba ya fundi, au hata kamba ya katani yenye mafundo, apime kiuno, kifua na urefu wa mguu wa kila mtoto. Kwa nguo za watoto zilizotoka Ulaya kuna msaada mmoja mzuri: namba kama 116, 122 au 128 ni urefu wa mtoto kwa sentimita. Mtoto akisimamishwa mlangoni na kuwekewa alama, saizi yake imeshapatikana.

Viatu vinahitaji zaidi. Mtoto asimame juu ya kipande cha boksi, mguu uchorwe, boksi likatwe kwa kuacha nafasi ya upana wa kidole gumba mbele. Kipande hicho ndicho kinachokwenda sokoni, na kiingizwe ndani ya kiatu bila kulazimisha. Kikipinda, kiatu ni kidogo. Upimaji ufanywe jioni, maana mguu huvimba kidogo baada ya kutwa nzima ya kukimbia. Kipande cha boksi kingemwokoa mama wa Sakina 10,000.

Kuna ugonjwa mwingine wa viatu vya mtumba ambao wengi hawaujui mpaka uwapate. Soli za aina fulani ya plastiki laini, inayoitwa poliyurethani, hunyonya unyevu hewani na kuoza polepole hata kiatu kisipovaliwa. Kwa macho kiatu ni kipya kabisa, ngozi inang'aa, halafu wiki ya pili soli inameguka kama mkate mkavu katikati ya mstarini. Dawa ni kukikunja kiatu kwa nguvu pale pale mbele ya muuzaji na kubonyeza soli kwa ukucha. Ikionyesha nyufa ndogo, ikinata au ikiacha unga, kirudishwe kwenye turubai, hata kama kinauzwa 3,000.

Nguo nazo zishikwe kuelekea juani. Mwanga hupita mahali kitambaa kilipochoka, hasa makalioni, magotini na chini ya kola. Kwapani paangaliwe rangi, zipu ipandishwe na kushushwa mara tatu, vifungo vihesabiwe. Kifungo kimoja kikikosekana ni sababu ya kupunguziwa bei. Zipu ikiwa mbovu, gharama ya fundi iongezwe kwenye bei papo hapo, kichwani, kabla ya kulipa. Sketi ya 2,000 itakayodai zipu na kupunguzwa kiuno kwa 4,000 ni sketi ya 6,000. Nguo za ndani zisiguswe kabisa. Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lilikwisha zipiga marufuku kwa ajili ya afya, na kuziona bado zimemwagwa sokoni si ruhusa.

Hapo ndipo muuzaji anapotaja jina la kampuni. "Mama, hii ni orijino ya Marekani, angalia lebo." Bei inapanda mara mbili kwa sababu ya kijitambaa kilichoshonwa shingoni. Kijitambaa hicho kina hadithi inayofaa kusimuliwa.

Marekani kuna maduka ya kiwanda, yanayojulikana huko kwa jina la outlet. Yalianza viwanda vikiuza mabaki na nguo zenye kasoro ndogo, na mji wa Reading, Pennsylvania, ulipata umaarufu kwa maduka ya namna hiyo ya kampuni ya Vanity Fair katika miaka ya 1970. Familia zilisafiri kwa mabasi kwenda kujaza mifuko, kama ilivyo Tengeru. Baadaye maduka hayo yakawa maeneo makubwa nje ya miji, na mabaki hayakutosha kuyajaza. Kampuni nyingi zikaanza kushona nguo maalumu kwa ajili ya maduka hayo, mara nyingi kwa kitambaa na ushonaji wa bei ya chini, chini ya jina lile lile. Mteja anaona bei imepunguzwa nusu, kumbe nguo ile haijawahi kuuzwa popote kwa bei kamili. Januari 2014 maseneta watatu na mbunge mmoja wa Marekani waliiandikia tume yao ya kulinda walaji, Federal Trade Commission, wakitaka ichunguze kama wanunuzi wanapotoshwa.

Nguo hizo nazo huchakaa, hutolewa msaada, hufungwa kwenye belo na kufika huku. Baadhi ya kampuni huziwekea alama: J.Crew imekuwa ikiweka almasi mbili ndogo chini ya jina kwenye nguo za maduka yake ya kiwanda, na Banana Republic tatu. Lebo nyingine zimeandikwa waziwazi neno factory. Mnunuzi akiziona asikatae nguo kwa sababu hiyo, huenda ni nzuri tu. Akatae kulipia jina. Alipie kitambaa alichokishika na mshono aliouvuta.

Wazee wa Arusha wanakumbuka wakati ambapo mabishano haya hayakuwapo kwa kuwa mitumba yenyewe haikuruhusiwa. Nguo zilitoka viwandani hapa hapa, Kiltex na Sunflag, na zilipoadimika mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walipanga foleni kutwa kwa ajili ya doti moja ya khanga. Biashara ilipolegezwa kuanzia mwaka 1984 mitumba ikamiminika. Kwa muda watu waliiita kafa Ulaya, wakiamini mwenye nguo amekufa, na kuivaa ilikuwa aibu. Sasa aibu imekwisha. Kiltex haipo, Sunflag ipo bado.

Jambo hilo liliwahi kujadiliwa na wakubwa, na mahali pa kulijadili palikuwa mwendo mfupi tu wa gari kutoka soko la Tengeru. Machi 2016 marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikutana Ngurdoto na kuelekeza kwamba mitumba ipunguzwe hatua kwa hatua ili viwanda vya nguo vipate nafasi. Marekani ikaja juu kupitia mpango wake wa biashara wa AGOA. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikalegeza, Rwanda ikashikilia ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye nafuu ya soko la Marekani. Mtu anaweza kuwa upande wowote katika hilo. Mama mwenye 60,000 na watoto watatu hapewi muda wa kuchagua upande, na sera ikibadilika yeye ndiye wa kwanza kuiona kwenye bei ya turubai.

Hata hivyo mtumba usifanywe jibu la kila kitu. Sketi na kaptula za shule zenye rangi maalumu ni shida kuzipata, na mzazi anaweza kuzunguka minada mitatu kwa nauli inayozidi gharama ya kitambaa na fundi wa mtaani. Fundi akishona huacha upindo mrefu chini, sketi inashushwa mwaka ukifuata. Kiatu cha mtoto anayetembea kilomita mbili kwenda shule nacho kihesabiwe kwa mwaka mzima. Siku za masomo zinakaribia 200. Jozi ya mtumba ya 8,000 inayoisha kila baada ya miezi mitatu itanunuliwa mara tatu au nne kabla ya Desemba. Jozi mpya ya 20,000 ya ngozi inayoshoneka na fundi viatu itamfikisha mwisho wa mwaka. Shati jeupe, sweta, shuka, jaketi na blanketi ndivyo vitu ambavyo mtumba unashinda bila ubishi.

Na kwenye kupatana bei kuna mpaka. Kutaja nusu ya bei na kukutana katikati ndiyo desturi ya soko, na salamu nzuri hupunguza zaidi kuliko dharau. Kumshikilia kijana wa watu nusu saa kwa ajili ya 200, wakati belo lake limemtoka vibaya, ni jambo jingine.

Mama wa Sakina ilibidi akope 30,000 kwenye kikoba, na riba juu yake, kwa sababu shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Jumapili alikwenda Ngaramtoni na vipande vitatu vya boksi, futi kamba na karatasi. Alipata jozi mbili za mtumba zilizopita mtihani wa ukucha, shati moja na sweta la binti, akafika nyumbani kabla ya saa sita. Jozi ya tatu, ya binti, aliinunua mpya mjini kwa sababu ndiye anayetembea mbali. Mapazia aliyauza kwa jirani kwa 12,000, ambazo zilikwenda moja kwa moja kwenye kikoba. Viatu vilivyombana wa kati vimewekwa juu ya kabati. Mdogo atavifikia baada ya mwaka au miwili.

Sweta jekundu hakuliuza. Alilichemsha na nguo nyingine zote, kama watu wengi wanavyofanya na mtumba kwa ajili ya usafi. Kwa pamba ni sawa. Lakini lebo iliandikwa Wolle, kwa Kijerumani, sawa na wool ya Kiingereza au laine ya Kifaransa, na sufu haitaki maji ya moto. Inataka ya uvuguvugu na kuanikwa ikiwa imelazwa. Lilitoka kwenye sufuria dogo na gumu kama kofia. Juni, siku zisizo za shule, analivaa yule wa darasa la kwanza, na linamtosha vizuri.